Mguu wa Breki

Ninaandika haya nikiwa nimevaa viatu viwili, cha kulia na cha kushoto, na miguu iliyomo ndani yake yote ni yangu ya kuzaliwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu nawajua watu wetu. Wakisikia habari ya ajali wanataka kwanza kujua kama aliyeumia yuko mzima, ndipo watulie wasikilize. Basi tulieni, niko mzima. Kilichobaki ni kueleza nilivyofika hapa, ili yule aliyelala wodini leo, akiuangalia mguu wake kama mali ya mtu mwingine, apate moyo.

Jina langu ni Naelijwa, mzaliwa wa Mhezi, milimani Upare ya kusini, ila wengi wananiita Mama Elia. Kazi yangu ni udereva. Nina pikapu ninayoteremshia tangawizi, maharage na kabichi hadi Same mjini, na jioni napanda nayo ikiwa na saruji, soda na wakwe za watu. Siku ya kwanza kuonekana nimeshika usukani, wazee waliokuwa wamekaa dukani walinyamaza mpaka nikapita. Siku hizi wanawatuma binti zao kwangu nikawafundishe.

Dereva wa kwetu anafundishwa jambo moja kabla ya mengine yote. Barabara yetu ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Upande mmoja una ukuta wa mlima, upande wa pili hauna kitu. Gari la kwanza kupita baada ya mvua linachimba njia mbili za matairi, la pili linapita humohumo, la tatu vilevile, mpaka matairi yanafika chini kwenye udongo mgumu. Kwa hiyo ukikuta njia ya wenzako, unaingiza matairi yako humo na hutoki. Anayetoka kujitafutia njia yake ndiye tunayekwenda kumvuta kwa kamba. Marehemu baba alinifundisha hivyo, na kila tairi langu lilipopanda ukingo alinichapa kidogo begani. "Pita walikopita!" Nimepita walikopita masika na vuli, na sijawahi kuangusha hata kabichi moja.

Sasa habari za uwanja. Chini ya mji wa Same, upande wa tambarare, kuna yadi pana ya lami iliyoachwa na mkandarasi wa barabara. Wenye gereji wa mjini na marafiki zao wa Mwanga na Moshi waliigeuza uwanja wa mbio za magari. Wakapanga matairi mabovu, wakachora mistari ya chokaa, wakapata mzunguko wenye kona za kutosha. Si mambo ya kihuni. Mkanda na kofia ngumu ni lazima, na gari la wagonjwa linakuwepo siku ya mashindano. Fundi Sadiki, ambaye ndiye anayetengeneza pikapu yangu, alikuwa na kigari chekundu alichokiunda upya kwa mikono yake, na dereva wake alikuwa amehama. Akanifuata.

"Mama Elia, njoo uniendeshee."

"Mimi? Nikashindane na vijana wa Moshi?"

"Wewe unateremka Mhezi na magunia ya tangawizi. Wale wanateremka kitandani tu."

Mtu akikusifia hivyo utakataaje? Nikaenda kujaribu, nikajaribu tena, nikanogewa. Nisikufiche, ndugu msomaji, raha ile sijaipata kwenye kitu kingine. Mlimani naendesha kwa kujizuia siku nzima. Pale chini kwa mara ya kwanza niliambiwa niendeshe ninavyoweza, na nikagundua kwamba naweza sana. Na kitu kimoja kilinifurahisha zaidi. Kila mahali magari yalikokuwa yakipita, mpira wa matairi ulikuwa umeipaka lami ikawa nyeusi, na kwenye kona weusi ule ulikuwa mzito kama masizi ya sufuria ya makande. Nikasema, kumbe na huku wana njia yao.

Mazoezi yote niliyafanya kwenye jua kali, maana Same ni kukavu na mvua ya tambarare ni mgeni wa nadra. Siku ya mashindano mgeni akaja. Wingu lilivuka kutoka milimani, likamwaga maji wakati magari yako kwenye mstari. Wenzangu walinuna. Mimi nilicheka kwa sauti ndani ya kofia. Watu wa Mhezi walikuwa wameteremka kuja kuniona, akiwemo mume wangu na Mjomba Zakaria, kaka wa mama yangu, aliyesimama chini ya mwavuli akimwambia kila aliye karibu, "Huyo ni wa kwetu. Hali ya hewa hii amezaliwa nayo."

Tukaachiwa. Kwenye kona ya kwanza niliwaona vijana wa Moshi wakitoka kwenye ile njia nyeusi, wakazunguka kwa mbali kwenye lami ya kijivu isiyokanyagwa. Nikasema moyoni, watoto hawa hawaijui mvua. Mimi nikaingiza matairi yangu kwenye weusi, walikopita wote, kama nilivyofundishwa. Gari lilicheza kidogo, nikalirudisha. Kwa kuwa nilikata kona kwa ndani niliwapita wawili, kisha mwingine. Nikawa naongoza. Niliwasikia watu wangu wakipiga kelele licha ya mvua na ngurumo ya injini, au labda nilitaka tu kuwasikia.

Mwishoni mwa sehemu iliyonyooka kuna kona ya kushoto. Nilikanyaga breki matairi yakiwa katikati kabisa ya weusi. Gari halikupunguza mwendo. Usukani ukawa mwepesi mikononi, mwepesi kama wa gari lililoinuliwa kwa jeki. Nikakata kushoto, gari likaendelea mbele kana kwamba sikulisemesha. Mlimani njia ya matairi ina kingo, ukiteleza ukingo unakurudisha. Pale hapakuwa na ukingo. Ule ulikuwa mpira na mafuta ya miezi ya ukame, umelowa maji, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake nikisubiri unishike. Kigari kilipinda, kikaruka matairi mabovu, na ubavu wa kulia, upande wangu, ukagonga kalavati la zege.

Sikupoteza fahamu. Wengi huniuliza hilo. Nilikuwa naona kila kitu: maji yakitiririka kwenye kioo kilichopasuka, mvuke wa injini, na goti langu la kulia likiwa mahali ambapo goti halikai. Mguu chini ya goti ulikuwa umebanwa kati ya pedeli na bati la mlango. Nilijaribu kuuvuta nikasikia kitu kikisagika ndani, ndipo maumivu yakaja. Nilipiga ukelele ambao mara ya mwisho niliupiga nikimzaa Elia. Fundi Sadiki alifika wa kwanza. Alitazama chini, akanitazama usoni, akasema, "Mama, nitazame mimi. Usitazame huko." Bila shaka nikatazama. Mfupa mweupe ulikuwa umetoka nje ya ngozi juu ya kifundo, na kiatu kimeelekea pembeni, kama mguu ulitaka kwenda njia yake.

Walikata bati, wakanitoa. Hospitali ya mjini walinifunga ubao, wakaniongezea maji na dawa ya maumivu, wakanipeleka hospitali ya rufaa. Huko nilifanyiwa upasuaji. Nilipoamka mguu wangu ulikuwa umezungukwa na vyuma kwa nje, vimepenya hadi kwenye mfupa, mithili ya kiunzi wanachosimamia mafundi wa kujenga ghorofa. Mume wangu, Baba Elia, ni mtu wa maneno machache. Aliukagua ule mtambo kwa muda, akasema, "Hii redio inashika stesheni gani?" Nikacheka mpaka mshono wa mguuni ukauma. Nikajua tutavuka.

Lakini hatukuvuka upesi. Kidonda kilikuwa kimeingia tope na maji ya uwanjani. Homa ilianza, nikawa natetemeka mpaka kitanda kinalia. Bandeji zilianza kulowana usaha wa rangi ya kijani, na harufu yake nisiseme. Ilinuka kama panya aliyefia darini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba ahamishwe na sikumlaumu, hata mimi ningejihama kama ningeweza. Vidole vya mguu vilivimba, ngozi juu ya kifundo ikawa nyeusi. Kila asubuhi nesi aliposukuma kigari cha dawa kuja kusafisha, nilianza kulia kabla hajafika, kwa kusikia tu magurudumu yake.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mzaliwa wa Shighatini, huko Ugweno. Nilifurahi kusikia ni Mpare mwenzangu, ingawa sisi wa kusini na wale wa kaskazini hatuachi kutaniana. Siku moja alivuta stuli akakaa, na daktari akikaa ujue kuna neno.

"Mama Elia, sitakuficha. Maambukizi yamefika kwenye mfupa. Kuna kipande kimekufa. Tukiona homa haishuki, itabidi tuukate mguu chini ya goti ili tuokoe maisha yako."

"Huu wa kulia?"

"Huo huo."

"Daktari, huo ndio mguu wangu wa breki."

"Najua. Ndiyo maana sijaukata mpaka leo."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Niliogopa, na nitasema wazi nilichoogopa. Kifo sikukifikiria sana, sijui kwa nini. Niliogopa kuwa mtu wa kupandishwa mlimani kwenye pikapu yangu mwenyewe huku mwingine akiiendesha. Nilijiona nimekaa upande wa abiria na gongo, nakanyaga sakafu kila kona kwa mguu ambao haupo. Nikamwambia Mungu waziwazi kwamba hilo silitaki.

Habari zikafika Mhezi, na ukoo ukateremka. Kwetu jambo kubwa haliamuliwi na mtu mmoja, linakaliwa kikao. Basi kikao kikakaliwa kwenye nyasi za hospitali, nje ya dirisha langu, kila neno nikilisikia. Mjomba Zakaria ndiye aliyekuwa na hoja. Alisema hospitali wanakimbilia msumeno, na kwamba kuna mzee kijijini anayeunga mifupa kwa mikono na vijiti, aliyewaunga wengi wanaolima mpaka leo. Kwa hiyo mgonjwa atolewe, arudishwe nyumbani. Wengine waliunga mkono. Wengine walibisha, na ubishi wa Wapare mnaujua, jua lilihama kutoka mti mmoja hadi mwingine nao wapo palepale. Mwishowe wakaingia wodini wote kwa pamoja, wakamkuta daktari.

"Shikamoo, mzee," daktari alimwambia mjomba.

"Marahaba. Tumekuja kumchukua mtoto wetu."

"Mnampeleka wapi?"

"Nyumbani. Kuna anayeunga mifupa."

"Hata kwetu Shighatini yupo. Aliniunga mkono huu nikiwa mdogo." Daktari akakunja shati akamwonyesha. "Alifanya kazi nzuri, sikatai. Ila mkono wangu haukuwa na kidonda. Mfupa unaungwa, mzee. Usaha hauungwi."

"Kwa hiyo nyie watu wa Ugweno ndio mnaotaka kutufundisha habari za mifupa?"

"Kwani nyie wa Mhezi mnazaliwa bila mifupa?"

Manesi waligeuka ukutani wakicheka. Hao wawili waliendelea, huyu hashuki na yule hashuki, na mimi nimelala katikati yao na homa yangu. Kila mmoja alikuwa akiusema mguu wangu kana kwamba ni shamba la mpakani. Nikaona nikinyamaza nitaamuliwa.

"Naomba na mwenye mguu aseme," nikasema.

Wakageuka kwa mshangao, kama kitanda ndicho kilichosema.

"Mjomba, nakuheshimu. Siendi nyumbani. Daktari, na wewe nakuomba. Kama kuna njia nyingine ambayo bado hujaijaribu, ijaribu. Ukiona haikubali, kata, nibaki hai, nimlee mwanangu. Lakini usikate kwa kuwa umechoka kubishana na mjomba wangu."

Daktari hakucheka. Alisema ipo njia, nayo ni kunirudisha chumba cha upasuaji, kuondoa kile kipande cha mfupa kilichokufa na nyama yote mbaya, kuosha, na kurudia kuosha, kisha kubadilisha dawa kulingana na majibu ya maabara. Haikuwa na uhakika. Mjomba alikaa kwenye stuli ya daktari kwa hasira, akavua kofia yake. Kisha akamwuliza, "Utaosha mwenyewe, au utamwachia mwanafunzi?"

"Mwenyewe, mzee."

"Haya. Osha."

Aliosha. Nilirudishwa chumba kile mara kadhaa, na kila nilipoamka kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama chini ya shuka. Vidole vilikuwepo. Usaha ukawa mweupe, ukawa maji, ukakoma. Homa ilishuka kwa kujivuta, kama mgeni asiyetaka kuaga. Asubuhi moja nesi alifungua bandeji, akainama, akanusa, akaniangalia akitabasamu. "Inanuka nyama mbichi," akasema. Sijawahi kupewa habari tamu kama hiyo. Chini kwenye kidonda palikuwa pameanza kuota nyama nyekundu yenye chembechembe. Baadaye walichuna ngozi nyembamba kwenye paja langu wakaipandikiza pale palipokuwa wazi. Paja liliwaka moto kuliko hata kidonda chenyewe, hilo hakuna anayekuonya, kwa hiyo mimi nakuonya.

Fundi Sadiki alikuja kunitazama wakati huo, amebeba machungwa, hawezi kuniangalia usoni. Alifikiri nitamlaumu. Nikamwambia kigari chake hakikuwa na kosa lolote. Ndipo akanieleza kile vijana wa Moshi walichokuwa wanajua: lami ikikauka njia nyeusi inashika vizuri, lakini ikilowa ndiyo inayoteleza kuliko kote, na dereva wa mvua anakwenda pembeni, kwenye lami chakavu ambayo haijapakwa mpira. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikacheka, nikacheka mpaka machozi. Somo langu lote la mlimani lilikuwa sahihi, tatizo ni kwamba nililibeba zima zima nikalishusha mahali pasipo pake. Mtu wa pwani asingefanya kosa lile. Angeogopa tu, akaendesha polepole, akamaliza wa mwisho na miguu yake miwili.

Niliruhusiwa kurudi Mhezi na magongo. Shida ikawa nyumba yetu. Iko chini ya barabara, na njia ya kuifikia ilikuwa ngazi za mawe ambazo hata mbuzi anazifikiria kwanza. Nilishushwa mgongoni kwa Baba Elia, nikawa kama nimefungiwa, wakati mtaalamu wa mazoezi alisema nitembee kila siku la sivyo kifundo kitakauka kikiwa kimekunjika. Mwenyekiti wa kitongoji akapeleka hoja kwamba upigwe msaragambo, ichimbwe njia ya mteremko mpole kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu. Kwa wasiotufahamu, msaragambo ni kazi ya pamoja. Pembe inapigwa, kila kaya inatoa mtu na jembe. Lakini kazi hiyo ni ya mali ya wote, mfereji, barabara, shule. Haijazoeleka kufanyiwa mtu mmoja, na mmoja wa wazee akasimama kuuliza, tena kwa haki yake, "Tangu lini mguu wa Mama Elia ukawa mali ya umma?"

Nani unadhani alijibu? Mjomba Zakaria.

"Wewe mkeo aliposhikwa uchungu nani alimteremsha? Mama yako alipopooza? Taja mtu mmoja hapa ambaye hajawahi kushushwa na mguu ule, huyo peke yake asije."

Pembe ikalia, wakaja. Yule mzee aliyeuliza alikuja na majembe mawili. Wanawake walipika makande kwenye masufuria ya msibani, na watu walichimba huku wakinitania, wengine wakidai wanatengeneza njia ya mbio na kuniuliza waipake rangi gani. Nilikaa mlangoni nikilia bila kujificha. Njia ile ndiyo iliyoniponya kama dawa zilivyoniponya, kwa sababu baada ya pale sikuwa na kisingizio. Nikisema leo nimechoka, jirani anapita na kuuliza, "Vipi, tulichimba bure?" Nanyanyuka.

Nikiwa ndani nilifanya zoezi langu la pili. Niliegemeza mfuko wa maharage ukutani, nikakaa kwenye kiti, nikaukanyaga kwa mguu wa kulia. Mwanzoni maharage hayakusikia chochote. Kifundo kilikuwa kigumu, kinalia kama bawaba kavu, na jasho linanitoka kwa kusukuma kitu ambacho Elia angekisukuma kwa kidole. Niliendelea. Mume wangu alikuwa akipita anasema, "Taratibu, mama, utatuletea unga." Vyuma vya nje vilitolewa. Gongo moja likaachwa, kisha la pili. Nikarudi kwenye pikapu, kwanza pale kwenye uwanja wa kanisa, kisha barabarani kwenye jua, kisha siku moja mvua ikanikuta njiani na nikateremka nayo mpaka Same. Mguu haukutetemeka.

Kabla sijamalizia, niseme shukrani na mawaidha, maana najua mwishoni nitajisahau. Namshukuru Mungu aliyenibakiza. Nawashukuru manesi waliosafisha kilichokuwa kikinuka wakaniita mama bila kuziba pua. Nawashukuru watu wa Mhezi kwa majembe yao, na Baba Elia kwa mgongo wake. Wewe uliye mgonjwa, uliza. Daktari akisema jambo hujalielewa, mwambie arudie, hutaonekana mjinga. Ukoo ukikukalia kikao, waheshimu, halafu sema neno lako, kwa kuwa mwili ni wako. Kidonda kikitoa harufu usikifunike kwa aibu, na usitoroke nacho hospitali. Zoezi ulilopewa lifanye hata siku usiyoona faida, hasa siku hiyo. Na kama ulikatwa mguu, usinisome ukadhani mimi nilikuwa jasiri kukuzidi. Nilikuwa nimeshakubali kukatwa. Mguu wangu ungekatwa, ningefunga wa bandia na kutafuta gari la kunifaa. Na wewe dereva mwenzangu, ukihama barabara, kabla hujakanyaga mafuta muulize mwenyeji wa pale mvua yake inatelezea wapi.

Hili la mwisho nimeliweka nyuma makusudi. Nilitaka kurudi uwanjani. Wengi walinuna, mjomba akaitisha kikao, nikashinda kwenye kikao. Lakini wasimamizi wa mbio walisema hawanipokei mpaka daktari aliyenitibu athibitishe kwamba mguu unafaa. Nikampigia simu.

"Mimi sithibitishi nisichokiona," akanijibu. Mpare wa Shighatini huyo, ungetegemea nini?

"Basi njoo uone, daktari. Ila subiri mvua."

Alikuja. Tulingoja wingu siku yake ya mapumziko, likatuletea mvua ya haja. Fundi Sadiki alimfunga mkanda na kofia ngumu kwenye kiti cha pembeni yangu, kwenye kile kigari chekundu alichokinyoosha upya. Daktari alishika mlango kwa mikono yote miwili kabla hata sijawasha gari. Nikatoka. Kona ya kwanza nilikwenda pembeni, kwenye lami ya kijivu, matairi yakauma. Ya pili pembeni. Tukaingia ile sehemu iliyonyooka na nikaongeza mwendo, maji yakipiga chini ya gari. Ile kona ya kushoto ikatujia na kalavati lake. Weusi ulikuwa pale unang'aa. Nikaupisha, nikapanuka kulia kwenye lami chakavu, nikakanyaga breki.

Gari likainamisha pua, likasimama, limenyooka kama mtu aliyeitwa jina.

Mvua ilikuwa ikigonga juu ya bati. Nilisubiri aseme kuhusu mwendo, au kuhusu kalavati lililokuwa hatua chache kutoka dirishani. Hakuwa akilitazama. Alikuwa ameinama, kofia imemwangukia machoni, anatazama chini kwenye pedeli.

"Kanyaga tena," akasema.

"Daktari, gari limeshasimama."

"Najua limesimama. Kanyaga tena, nione."